Sura ya Saba: Mstari wa Fundi Unywele

Kwa Koplo, kesi ilikwisha pale mtuhumiwa alipokalia kiti. Au tuseme pale alipojaribu kukikalia, maana mtu huyo alikaa, akainuka, akaomba radhi, akakaa tena. Alipandisha mguu wa kulia juu ya wa kushoto, akaushusha, akapandisha wa kushoto juu ya wa kulia. Visigino vyake vilipiga sakafu ya saruji bila kupumzika, kama mtu anayekanyaga cherehani. Koplo aliandika maneno mawili kwenye daftari lake, akalisogeza kidogo ili bosi wake ayaone: ana hatia.

Inspekta aliyaona na kuyaacha yalivyo. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na miwili, miwani yake imefungwa kamba shingoni, na katika miaka ishirini na sita ya kupeleleza udanganyifu wa madukani hakuwahi kumpeleka mahakamani mtu aliyekuja kuonekana hana kosa. Alijivunia jambo hilo waziwazi, kiasi kwamba kituoni walishachoka kulisikia. Ndiyo maana kesi nyepesi zilimtia mashaka, na hii ilikuwa nyepesi kupita kiasi.

Mtuhumiwa alikuwa fundi mizani. Karakana nzima ilimwita Unywele, kwa sababu ujanani aling'oa unywele wake mmoja mbele ya wenzake, akauweka kwenye mizani ndogo ya dawa na kuwasomea uzito wake. Kazi yake ilikuwa kurekebisha mizani za wenye maduka, kuzipima upya, kisha kuzifunga kwa lakiri ya risasi na kuipiga mhuri. Mhuri ulikuwa kipande cha chuma cha ukubwa wa kidole gumba, chenye alama yake peke yake, na hakuna fundi mwingine aliyeruhusiwa kuugusa. Sasa wateja wa maduka manane walikuwa wamelalamika kwamba wanapunjwa, na mizani zote nane zilikuwa na lakiri yenye alama ya Unywele.

Karakana ilikuwa na desturi yake kwa fundi aliyesaliti mizani. Kesho saa nne asubuhi mhuri wa Unywele ungewekwa juu ya fuawe na kupondwa kwa nyundo, mafundi wote wakiwa wamesimama. Baada ya hapo asingepiga lakiri popote maisha yake yote, na jalada lingekwenda kwa mwendesha mashtaka.

"Nani alikulipa?" Koplo aliuliza.

"Hakuna aliyenilipa."

"Mbona hutulii, basi?"

Unywele aliinuka na kusimama nyuma ya kiti, akakishika mgongo kwa mikono miwili. Hata hapo uzito wake ulihama kutoka mguu huu kwenda mguu ule. "Naomba nijibu nikiwa nimesimama, Afande," alimwambia Inspekta. "Nikikaa nashindwa kufikiri."

Inspekta alimruhusu, na kuanzia hapo mahojiano yakaenda vizuri ajabu. Unywele alitaja kwa kichwa namba ya kila mizani aliyoifunga, siku aliyoifunga na duka ilikokwenda. Koplo alimtega mara tatu kwa kuchanganya tarehe, na mara tatu alisahihishwa kwa upole. Inspekta alijua waongo, na waongo hawatoi tarehe kwa ukarimu namna hiyo. Aligundua pia kwamba uso wa fundi ulikuwa umetulia kabisa, na mikono yake haitetemeki. Ni miguu tu iliyokuwa na haraka. Alivitazama viatu vya fundi. Ngozi ya juu ilikuwa bado inang'aa, lakini soli zilikuwa zimeliwa mpaka karibu na soksi.

"Viatu hivyo umevinunua lini?"

"Mwezi uliopita, Afande."

"Unaumwa?"

Unywele aliuachia mgongo wa kiti. Alitembea hadi ukutani, akarudi. "Andika tu kwamba mimi ni mwizi," alisema. "Tumalize."

Koplo alishika kalamu kwa furaha, lakini Inspekta aliweka kiganja juu ya daftari. Alimuuliza fundi kwa nini anataka liandikwe jambo ambalo dakika kumi zilizopita amelikana.

"Kwa sababu mwizi anafungwa, Afande, na siku moja anatoka. Kichaa hatoki."

Kisha alieleza, akipiga hatua nne kwenda na nne kurudi. Miaka miwili nyuma aliugua akili. Alisikia watu wakimwita ambao hawakuwepo, akawafuata mjini mpaka akapotea siku mbili. Alilazwa wiki sita, akatoka na dawa, na dawa zikamponya hasa. Alirudi kazini kifua mbele. Karakana nzima hakuna aliyejua isipokuwa msimamizi. Sasa dada yake mkubwa, anayeishi naye, alikuwa ameshazungumza na hospitali arudishwe wodini. Inspekta aliuliza kama anasikia tena wale watu. Alisema hapana, hajawasikia tangu alipotoka wodini. Basi Inspekta akamwomba ruhusa ya kuongea na dada yake na daktari wake, na akamtaka aiweke kwa maandishi. Unywele alisaini akiwa wima, karatasi ameibana ukutani.

Garini, Inspekta aliomba matokeo ya mizani. Siku tatu kabla alikuwa ameagiza zipimwe mizani zote ambazo Unywele alizifunga katika wiki kumi zilizopita, si zile nane tu. Zilikuwa arobaini na tatu, na Koplo alizunguka madukani na sanduku la mawe ya mizani mpaka bega likamvimba.

"Mbaya ni nane, Afande. Zile zile."

"Na nyingine zote ni sahihi?"

Koplo alikohoa. "Nyingine hazimpunji mtu."

"Sikukuuliza hivyo."

"Kuna sita zinazidisha. Mnunuzi anapata zaidi kidogo. Sikuziweka kwenye orodha kwa sababu hakuna aliyelalamika."

Inspekta alisimamisha gari kando ya barabara ili amtazame vizuri. Alimuuliza kama yeye Koplo, akizidishiwa sukari dukani, atakwenda kulalamika polisi. Koplo alikiri kwamba angenyamaza kama maji mtungini. Basi, Inspekta alimweleza, hao waliolalamika ni wale walioumia tu, na waliofaidika wamekaa kimya majumbani mwao. Mtu anayelipwa kuchezea mizani huivutia upande mmoja, upande wa aliyemlipa. Hakuna mwenye duka atakayetoa hongo ili awape wateja wake cha bure. Mizani nane chini na sita juu si wizi. Ni mkono uliokosa shabaha.

"Lakini yule hakosi shabaha, Afande. Yule ni Unywele."

"Ndiyo maana tunakwenda karakana," alisema Inspekta, akawasha gari. "Na mizani mbaya ya kwanza ilifungwa lini?"

Koplo alifungua orodha. Kabla ya tarehe nane ya mwezi uliopita, kila mizani ya Unywele ilikuwa sahihi bila kasoro. Kuanzia hapo zilianza kukosea moja moja, na wiki za mwisho ndizo zilizokuwa mbaya zaidi.

Karakana ilikuwa jengo refu lenye madirisha ya juu, harufu ya mafuta mepesi na shaba iliyosuguliwa. Msimamizi, mzee mwembamba mwenye aproni ya turubai, aliwapokea kwa adabu na uchungu. Fuawe ilikuwa tayari imesogezwa katikati ya chumba kwa ajili ya kesho. Inspekta alimwomba amwoneshe jinsi mizani inavyopimwa, na mzee alionesha kwa fahari ya mtu anayejua kazi yake. Unaweka jiwe la kipimo, unaondoa mikono, unasimama kimya, unahesabu mpaka sitini moyoni, ndipo unasoma. Ukisoma kabla ya sitini mshale bado haujatua. Ukitikisika, mbao za sakafu zinatikisika nawe.

"Kila fundi anafika sitini?"

"Asiyefika sitini si fundi," alisema Msimamizi.

Inspekta alitembea hadi kwenye meza ya Unywele. Mbao za sakafu chini yake zilikuwa zimepauka kwa kusuguliwa, alama mbili za miguu zikiwa wazi, na kijia chembamba kikitoka hapo mpaka dirishani. Fundi wa meza ya pili alisema mwenzake siku hizi ana haraka, anaweka jiwe, anazunguka mpaka dirishani, anarudi anasoma. Walidhani ni kahawa. Unywele mwenyewe alidhani ni kahawa, akaiacha mwezi uliopita, na hakukuwa na nafuu yoyote.

Ndipo macho ya Inspekta yakatua mlangoni. Pale ilikuwepo mizani kubwa ya sakafuni, ya kupimia magunia, yenye kalamu ya wino inayochora juu ya karatasi inayosogea polepole. Msimamizi alieleza kwamba kila asubuhi, kabla ya kazi, kila fundi anasimama juu yake kwa dakika moja. Desturi hiyo waliiita kuamsha mizani. Kila mtu anaujua uzito wake, kwa hiyo mizani ikisema vingine wanajua imelala vibaya. Vipande vya karatasi vilitungwa kwenye misumari ukutani, kila fundi na msumari wake.

"Na Unywele amekuwa akiamsha mizani siku zote?"

"Hajakosa hata siku moja. Kilo sitini na tatu kamili. Uzito wake haujabadilika."

Inspekta aliomba vipande vyote vya msumari huo. Alisafisha meza ndefu na kuvipanga kwa tarehe, cha zamani kushoto. Msimamizi alikuwa sahihi, kila kipande kilisoma sitini na tatu. Lakini Inspekta hakuwa akitazama namba. Alikuwa akitazama mstari.

Mpaka tarehe saba ya mwezi uliopita mstari ulikuwa umenyooka kama uzi uliovutwa. Tarehe nane ulianza kuwa na vimeno vidogo. Tarehe ishirini na mbili vimeno vikawa virefu. Tarehe sita ya mwezi huu mstari ulikuwa msumeno, ukipanda na kushuka kwa dakika nzima, na tangu siku hiyo haukunyooka tena. Inspekta hakushangilia haraka. Alichukua vipande vya mafundi wengine wawili vya tarehe hizo hizo na kuviweka chini yake. Vyote vilikuwa vimenyooka, kwa hiyo mizani ilikuwa nzima.

Msimamizi aliinama juu ya meza muda mrefu. Alisema ameifanya kazi hiyo miaka thelathini na minane, na kila asubuhi amesoma vipande hivyo kwa mkono wake. "Hapa tumefundishwa kusoma namba," alisema. "Mstari hatujawahi kuutazama."

Inspekta aliandika tarehe tatu kwenye kiganja chake, kama alivyofanya tangu akiwa askari wa kawaida: nane, ishirini na mbili, sita.

Dada yake Unywele alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na mtaa mzima bado ulimwita Mwalimu. Aliwafungulia mlango akiwa amevaa kana kwamba anasubiri wakaguzi wa shule. Nyumba ilikuwa na ukumbi mwembamba, na zulia lake la plastiki lilikuwa limechanika katikati kwa mstari mmoja, kutoka chumba cha mdogo wake mpaka jikoni. Mwalimu aliona wanakotazama. Alisema mdogo wake ndiye aliyelichana, kwa kutembea, na kwamba yeye amekwisha kuelewa maana yake. Miaka miwili iliyopita ilianza hivyo hivyo.

"Nilichelewa mara ya kwanza," alisema. "Safari hii sikuchelewa. Nilipomwona anatembea nilikwenda kliniki siku ile ile."

Inspekta aliomba kuiona kadi ya kliniki. Mwalimu aliileta ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki, imetunzwa kama cheti. Tarehe tano ya mwezi uliopita dawa ya zamani haikupatikana, daktari akaandika nyingine ya aina hiyo hiyo ya kutuliza akili. Tarehe kumi na tisa dada alikuja na taarifa kwamba mgonjwa anatembea ovyo, na dozi ikaongezwa. Tarehe tatu ya mwezi huu alikuja tena, na dozi ikaongezwa tena. Inspekta alifungua kiganja chake na kukiweka kando ya kadi. Tano na nane. Kumi na tisa na ishirini na mbili. Tatu na sita. Kila dawa ilipobadilishwa au kuongezwa, siku ya tatu mstari ulichafuka zaidi.

Alimuuliza Mwalimu swali moja, na akamtaka ajibu polepole: je, mara ya kwanza mdogo wake alitembeaje?

Mwalimu alifikiri. Mara ya kwanza, alisema, alikuwa anakwenda mahali. Alikuwa anaitwa. Ungesimama mbele yake angepita kando yako bila kukuona.

"Na sasa?"

"Sasa haendi popote. Anakwenda na kurudi." Mwalimu alishusha sauti. "Na kila akinipita ananiomba radhi. Ananiambia, dada, nisamehe nakupigia kelele. Yule wa mara ya kwanza hakuwa ananiona. Huyu ananiona, Afande. Kwa nini sikulifikiria hilo?"

Inspekta alimwambia achukue mkoba wake, na kadi.

Kliniki ilikuwa na foleni mpaka nje ya lango. Daktari, mtu mwenye macho ya kukosa usingizi, aliwapokea kati ya mgonjwa na mgonjwa na kutoa jibu ambalo Inspekta alilitegemea: ugonjwa unarudi, ndiyo maana ameongeza dozi, na wodi ina kitanda. Inspekta hakubishana naye, kwa kuwa hakuwa daktari na alilijua hilo. Alitandaza vipande vya karatasi juu ya meza, akaweka kadi chini yake, akarudi nyuma hatua moja.

Daktari aliangalia mara ya kwanza kwa haraka na mara ya pili akiwa ameinama. Mara ya tatu alivuta kiti akakaa. Halafu akamwambia muuguzi wa mlangoni kwamba foleni itasubiri dakika ishirini, na akaagiza Unywele aingizwe. Koplo alikuwa ameshamchukua kituoni na kumleta.

Kilichofuata Inspekta alikifuatilia kwa heshima, kwa sababu alimwona mtu mwingine akifanya upelelezi na kuufanya vizuri. Daktari alimkalisha Unywele dakika mbili kwa saa ya ukutani, akizungumza naye habari za kazi, huku macho yake yakiwa kwenye miguu. Alimsimamisha dakika mbili nyingine. Alishika mikono yake na kuikunja kuangalia kama imekaza. Kisha akauliza.

"Unasikia sauti?"

"Hapana, Daktari."

"Kuna mtu unayeona anakufuatilia?"

"Ndiyo. Huyu Koplo, tangu juzi."

Hata Mwalimu alicheka, na Koplo akatazama dari. Daktari aliandika kwamba mgonjwa anayaelewa mazingira yake vizuri kuliko wengi. Kisha aliuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza Unywele: anayetaka kutembea ni kichwa, au ni miguu?

"Kichwa kimetulia," alisema Unywele. "Kitu kinaanzia magotini, kinapanda mpaka kifuani, kinanisukuma. Nikitembea kinapungua. Nikisimama kinarudi. Sijakaa nikala sahani nzima tangu mwezi uliopita."

"Umewahi kufikiria kujidhuru?"

Unywele alimtazama dada yake, kisha sakafu. "Nilisimama darajani wiki iliyopita. Kufa sikutaka, Daktari. Nilitaka miguu inyamaze."

Daktari aliweka kalamu chini na kusema wazi kwamba huu si ugonjwa wake wa zamani. Dawa mpya imemtuliza kichwa na kumchokoza miguu. Jambo hilo hutokea, vitabuni huitwa akathisia, yaani kutoweza kukaa, na kosa linalofanyika mara nyingi ni kuliona kama ugonjwa uliorudi na kuongeza dawa ile ile inayolisababisha. Kosa hilo amelifanya yeye, mara mbili. Alimuuliza Unywele kama ana pumu, akajibiwa hapana. Akaandika dozi irudishwe chini kwa hatua, dawa ya zamani itafutwe, na kwa sasa anywe kidonge kidogo ambacho wengine hupewa kwa mapigo ya moyo, na ambacho hakiwafai wenye pumu. Alimwonya asiache dawa ghafla kwa hasira, na akataka kumwona kila siku ya tatu, yeye mwenyewe na si mjumbe. Kuhusu daraja, alimwambia wazo hilo likirudi aje siku hiyo hiyo bila kusubiri foleni, na Mwalimu akasema atamsindikiza.

Kisha Mwalimu alisema, "Kwa hiyo mimi ndiye niliyemfanyia hivi."

"Wewe ulileta taarifa," alisema Daktari. "Mimi ndiye niliyeandika dawa bila kumwangalia mwenyewe."

Mwalimu alinyoosha mgongo. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Basi tumekosea watu wazima wawili," alisema. "Na mdogo wangu hakuwa kichaa wala mwizi. Niandikie hilo, Daktari, kwa herufi kubwa, nalitaka kesho saa nne."

Inspekta alikuwa na swali moja la mwisho kwa Unywele, na lilikuwa la kesi. Aliuliza alikuwa akifika ngapi katika ile hesabu ya sitini.

"Mwanzoni arobaini," alisema Unywele. "Siku za mwisho nilikuwa sifiki ishirini. Nilisoma mshale ukiwa bado unacheza, nikakisia katikati. Ningemwambia nani? Fundi anayeshindwa kuhesabu sitini ni fundi gani?"

Kesho yake saa nne kamili mafundi kumi na wawili walisimama kuizunguka fuawe. Msimamizi alikuwa na nyundo mkononi na mhuri ulikuwa umewekwa juu ya chuma. Inspekta hakupenda hotuba, lakini hii aliipenda. Alieleza mizani nane na mizani sita. Alionesha vipande vya karatasi, akaviacha vipite mkono kwa mkono, na kila fundi aliyevipokea alivishika muda mrefu. Unywele mwenyewe ndiye aliyesema habari ya ugonjwa wake na dawa zake, kwa sauti kavu, akitembea mbele yao huku na huku, na hakuna aliyemwambia asimame. Jalada la jinai lilifungwa pale pale, maana pasipo nia hakuna udanganyifu.

Msimamizi alibaki na nyundo. Alisema hawezi kuuponda mhuri, na hawezi pia kuurudisha kwa mtu asiyefika sitini, kwa sababu mizani hazijui huruma. Unywele alijibu kwamba yeye mwenyewe asingeupokea. Basi mhuri ulifungwa kwenye kitambaa na kuwekwa kabatini, na wakakubaliana kwamba utatoka siku ambayo mstari wake utanyooka.

Siku tatu zilipita, kisha wiki. Kila asubuhi Unywele aliamsha mizani, na kila asubuhi kipande kipya kilitungwa msumarini. Msumeno ulipungua ukawa vimeno, vimeno vikawa mawimbi madogo. Siku ya kumi na tano Mwalimu alipiga simu kituoni kusema mdogo wake amekaa mezani akala sahani nzima, na alisema tu hivyo, akakata.

Siku ya ishirini na mbili Inspekta na Koplo waliitwa karakana. Walimkuta Mwalimu mlangoni, amevaa nguo yake ya siku za mitihani. Unywele alipanda juu ya mizani kubwa na viatu vipya, akashusha mikono. Msimamizi aliiteremsha kalamu juu ya karatasi. Hakuna aliyehesabu kwa sauti, lakini midomo ya chumba kizima ilikuwa ikicheza, ya Koplo ikiwa mbele kidogo. Kalamu ilikwenda. Ilikwenda moja kwa moja, bila meno wala wimbi, na wino wake mweusi ukawa mstari ambao ungeweza kuutumia kama rula.

"Sitini," alisema Msimamizi. "Shuka, mwanangu."

Unywele hakushuka. Aliendelea kusimama, macho mbele, magoti yamenyooka, na karatasi ikaendelea kusogea chini ya kalamu. Mafundi walitazamana, kisha wakaelewa, wakaanza kuhesabu upya. Mwalimu alikuwa ameinua kidevu kama siku shule yake ilipoongoza. Inspekta alijiona anatabasamu hadharani na hakujizuia, kwa kuwa rekodi yake ya miaka ishirini na sita haijawahi kumfurahisha kama asubuhi hiyo. Mpaka mia moja na ishirini Unywele alikuwa hajatikisika.

Ndipo akashuka, akanyoosha mkono, na Msimamizi akaweka mhuri kiganjani mwake.

"Nimeshuka si kwa kuchoka," alisema Unywele. "Kuna mizani kumi na nne zinanisubiri."